*Xenoperdix udzungwensis* au *Xenoperdix obscuratus*? Ulinganisho wa majina ya kwale wa misitu ya Udzungwa na Rubeho

Anayeandika habari za ndege wa Milima ya Tao la Mashariki nchini Tanzania hukutana, mapema au baadaye, na kwale mmoja mdogo wa msituni ambaye jina lake la kisayansi huonekana katika sura tatu tofauti. Ripoti moja humwita *Xenoperdix udzungwensis*, nyingine hutaja *Xenoperdix obscuratus*, na ya tatu huyaunganisha yote mawili ikaandika *Xenoperdix udzungwensis obscuratus*. Kila sura ina watu wanaoitumia kwa sababu wanazoweza kuzieleza na kuzitetea. Hata hivyo hazidai jambo moja, na mwandishi anayechukua mojawapo bila kujua inadai nini anaweza kumpa msomaji habari pungufu kuhusu ndege ambaye makazi yake yote duniani ni vipande vichache vya msitu wa milimani. Ninaziweka sura hizo ubavu kwa ubavu, pamoja na maswali madogo yanayoandamana nazo, ili mwanafunzi, mwongoza watalii, mtunza sampuli za makumbusho au mwandishi wa jarida ajue anachokichagua kabla hajakiandika.

Ugeni unaotajwa na jina la jenasi

*Xenoperdix*, jina la jenasi (yaani kundi la spishi, au aina za viumbe, zenye udugu wa karibu), limejengwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: *xenos*, yaani mgeni, na *perdix*, yaani kwale. Jina hili lilitangazwa mwaka 1994 katika jarida la *Ibis* na Dinesen, Lehmberg, Svendsen, Hansen na Fjeldså, waliomweka ndege huyu katika jenasi mpya na spishi mpya kwa wakati mmoja. Habari zake zilianza mwaka 1991 kambini katika Milima ya Udzungwa, pale watafiti walipoona ndani ya chungu cha kupikia jozi ya miguu ya ndege isiyofanana na ya kuku wala ya kwale yeyote waliyemfahamu. Walipowapata ndege wenyewe na kuwachunguza, waligundua kwamba kwale huyu mwenye mdomo mwekundu na uso wa rangi ya kutu hana udugu wa karibu na kwale wa kawaida wa Afrika. Ndugu zake wako Asia, katika misitu ya kusini na kusini-mashariki ya bara hilo, hasa miongoni mwa kwale wa jenasi *Arborophila*. Maelezo ya mwaka 1994 yalimtaja kuwa ni masalia, yaani mbaki wa ukoo ambao zamani sana ulienea mbali zaidi kuliko ulivyo leo.

Hapo ndipo tafsiri ya jina inapohitaji uangalifu. Ugeni unaotajwa ni wa ukoo. Kwa makazi, kwale huyu ni mwenyeji kuliko wenyeji wote, kwa kuwa hapatikani pengine popote nje ya milima hiyo ya Tanzania. Mwandishi anayemweleza kuwa ni “kwale mgeni” na kuishia hapo humfanya msomaji adhani ni ndege mhamaji, au ndege aliyeletwa na watu kutoka nje, na yote mawili ni kinyume cha ukweli. Kama nafasi inaruhusu maelezo ya jina, sentensi moja ya nyongeza kuhusu ndugu zake wa Asia inatosha kuondoa utata. Kama nafasi hairuhusu, ni afadhali kuacha tafsiri kabisa.

Jina hili linaweza kulinganishwa na lile la ndege mwingine wa Afrika ambaye ndugu zake wako Asia, tausi wa Kongo, ambaye James Chapin alimpa jina *Afropavo congensis* mwaka 1936. Naye alianza kujulikana kwa kipande tu: unyoya ambao Chapin aliuona mwaka 1913, ambao hakuweza kumtambua mwenyewe hadi alipowaona ndege wawili waliokaushwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Jina lake linasema wazi kwamba huyu ni tausi na kwamba ni wa Afrika, na msomaji asiyejua lolote huondoka na habari kamili. *Xenoperdix* halisemi hivyo. Linasema tu kwamba huyu ni kwale asiye wa kawaida, na kazi ya kueleza ugeni wake linamwachia mwandishi. Kwa msomaji wa kawaida naliona la Chapin kuwa bora, lakini jina la kisayansi likishatolewa kwa kufuata kanuni halibadilishwi kwa sababu kuna lingine linaloeleza vizuri zaidi. Kwa hiyo kazi ya kueleza inabaki kuwa yetu.

Kwa nini si *Arborophila*

Msomaji makini anaweza kuuliza: ikiwa ndugu zake wa karibu ni *Arborophila*, kwa nini asiwekwe humo? Jenasi hiyo ilianzishwa na Hodgson mwaka 1837, na jina lake lina maana ya mpenda miti. Jibu ni kwamba udugu wa karibu haulazimishi jenasi moja. Uamuzi wa mahali pa kukata mpaka kati ya jenasi na jenasi hutokana na hukumu ya wataalamu wanaopima maumbile, vinasaba na umri wa matawi ya ukoo, na waliomwelezea ndege huyu waliona ametofautiana kiasi cha kustahili jenasi yake. Anayeandika leo hana haja ya kufungua upya shauri hilo, aandike *Xenoperdix*.

Nalitaja *Arborophila* kwa sababu linaonyesha jinsi mabadiliko ya jenasi yanavyogusa kila sehemu ya jina. Kama ndege hawa wangehamishiwa huko, majina ya waliowaelezea yangeingia ndani ya mabano, na tamko *obscuratus* lingegeuka *obscurata* kwa sababu *Arborophila* ni jina la jinsia ya kike katika sarufi ya Kilatini. Mambo hayo mawili, mabano na miisho, ndiyo yanayowakosesha waandishi wengi, nami nitayarudia kila moja kwa nafasi yake.

Spishi moja au spishi mbili

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndilo linalobadilisha maana ya kile unachoandika.

Jina *Xenoperdix udzungwensis* lilitolewa kwa ndege wa Milima ya Udzungwa, ambako wanajulikana hasa katika misitu ya Ndundulu na Nyumbanitu. Baadaye kwale wa aina hiyo walipatikana katika Milima ya Rubeho, ng'ambo ya bonde la Mto Ruaha Mkuu, katika msitu wa Mafwemiro. Mwaka 2003 Jon Fjeldså na Jacob Kiure waliwaelezea ndege hao wa Rubeho na kuwapa jina la nususpishi, yaani waliwahesabu kuwa tawi la spishi ile ile ya Udzungwa. Mwaka 2005 Rauri Bowie na Fjeldså walichapisha ushahidi wa vinasaba na maumbile, na kutokana nao wakapendekeza kwamba ndege wa Rubeho wahesabiwe kuwa spishi kamili. Tangu hapo orodha za ndege wa dunia zimekuwa zikitofautiana: zipo zinazotaja spishi mbili, na zipo zinazotaja moja yenye matawi mawili.

Matokeo yake ni kwamba jina *Xenoperdix udzungwensis* lina maana mbili zinazotumika kwa wakati mmoja. Kwa maana pana linawajumuisha kwale wote wa jenasi hii, wa Udzungwa na wa Rubeho. Kwa maana finyu linawahusu wa Udzungwa peke yao. Herufi ni zile zile, mlazo ni ule ule, mwaka ni ule ule, na hakuna alama yoyote ndani ya jina inayomwambia msomaji ni maana ipi iliyokusudiwa. Chukua ripoti mbili zinazokadiria idadi ya ndege hawa au ukubwa wa eneo lao, zote zikiwa na kichwa *Xenoperdix udzungwensis*. Kama moja imefuata orodha ya spishi moja na nyingine orodha ya spishi mbili, tofauti ya tarakimu zao haituambii kama ndege wamepungua au wameongezeka. Inaweza kuwa ni tofauti ya maana ya jina tu, na msomaji asiyejua historia hii atatangaza anguko la ndege ambalo halikutokea, au atafurahia ongezeko ambalo halipo.

Jina *Xenoperdix obscuratus* halina tatizo hilo. Lina maana moja tu, nayo ni ndege wa Rubeho. Anayelisoma anajua mara moja mlima uliokusudiwa, hata kama yeye mwenyewe anaamini kwamba ndege hao ni nususpishi tu. Hili linatupa kigezo ninachokiona kuwa na nguvu kuliko mabishano yote kuhusu kipi ni spishi na kipi si spishi: hasara ya kukosea hailingani katika pande mbili. Ukiandika *obscuratus* kwa ndege wa Rubeho, kisha wataalamu wakakubaliana kwamba spishi ni moja, atakayesoma maandishi yako miaka ijayo ataweza kulirudisha jina hilo ndani ya *udzungwensis* bila kupoteza chochote. Ukiandika *udzungwensis* kwa ndege wa Rubeho bila kutaja mlima, kisha wataalamu wakakubaliana kwamba spishi ni mbili, hakuna atakayeweza kuitenganisha kumbukumbu yako na zile za Udzungwa, na itakuwa imepotea ingawa imechapishwa. Kuunganisha kilichotengwa ni kazi ndogo, lakini kutenganisha kilichochanganywa mara nyingi hakuwezekani.

Kwa sababu hiyo, kwa maandishi ya kawaida, yaani makala, vitabu vya mwongozo, maelezo ya picha na ripoti za safari, ninapendekeza ndege wa Rubeho waandikwe *Xenoperdix obscuratus* na wa Udzungwa waandikwe *Xenoperdix udzungwensis*, na mara ya kwanza majina hayo yanapotajwa, mlima utajwe kando yake.

Sura ya majina matatu, *Xenoperdix udzungwensis obscuratus*, ina sifa zake nazo hazifai kupuuzwa. Inahifadhi habari yote, kwa kuwa inataja tawi lenyewe. Tena ni ya tahadhari, kwa kuwa haidai spishi ya pili. Kwa kibandiko cha sampuli ya makumbusho katika taasisi inayofuata orodha ya spishi moja, hiyo ndiyo sura sahihi, na atakayeikwepa kwa sababu ya urefu wake atakuwa amefanya vibaya. Lakini ina gharama mbili. Ya kwanza ni kwamba ikitumika, ndege wa Udzungwa nao wanapaswa kuandikwa kwa majina matatu pale wanapotajwa peke yao, *Xenoperdix udzungwensis udzungwensis*, na matini ya kurasa nyingi yenye majina hayo huchosha. Ya pili ni kubwa zaidi: jina la tatu ni jepesi kudondoka. Jedwali lililotengenezwa kwa nafasi mbili, moja ya jenasi na moja ya spishi, hulikata; mhariri anayefupisha hulikata; mwandishi wa pili anayenukuu hulikata. Likishakatwa tunarudi kwenye *udzungwensis* isiyo na mlima, yaani pale pale palipo na hasara isiyorekebishika. Anayechagua majina matatu basi ahakikishe kwamba mahali ambapo maandishi yake yatahifadhiwa pana nafasi ya jina la tatu, na kwamba jina la msitu limeandikwa kando kwa vyovyote vile.

Ipo hoja nzito ya upande wa pili. Wapo wanaosema kwamba kuzigawa spishi kunaongeza idadi ya spishi zilizo hatarini kwa njia ya kalamu tu, na kwamba mhifadhi hapaswi kuonekana akiyatumia majina kama chombo cha kuombea fedha. Naiheshimu hoja hiyo, na ndiyo maana sisemi uchague spishi mbili kwa sababu zitavuta macho zaidi. Uzichague kwa sababu habari itahifadhika. Katika hati zinazohusu uhifadhi, jambo la lazima ni kutaja orodha iliyofuatwa na toleo lake, kwa kuwa orodha hurekebishwa mara kwa mara, na mwaka 2025 ilitolewa AviList kwa lengo la kuzipatanisha orodha kubwa zilizokuwa zikitofautiana. Sentensi moja kama “Majina yanafuata orodha fulani, toleo fulani” humpa msomaji ufunguo wa kila jina lililomo. Maombi ya vibali yana hali yake: humo tumia jina lile lile linalotumiwa na mamlaka inayotoa kibali, hata kama si lile unalolipendelea, maana kibali chenye jina moja na ripoti yenye jina jingine huleta maswali yasiyo ya lazima.

Jina *udzungwensis* na mipaka yake

Mwisho *-ensis* katika Kilatini huonyesha mahali, kama tunavyosema “wa Udzungwa”. Inafaa kukumbuka kwamba jina limetokana na milima yenyewe, wala si na Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ambayo ilianzishwa mwaka 1992, na kwamba sehemu ya misitu ambamo ndege huyu anaishi iko nje ya mipaka ya hifadhi hiyo. Mwandishi anayeona *udzungwensis* na kumweka ndege moja kwa moja ndani ya hifadhi ya taifa anakisoma kitu ambacho jina halikusema.

Jambo la pili ni tahajia. Mahali hapo huandikwa Udzungwa, lakini pia Uzungwa, na zipo hati na ramani zenye sura hii ya pili. Hata ukifuata tahajia ya Uzungwa kwa jina la mahali, jina la ndege linabaki na “dz”, kwa kuwa Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama huilinda tahajia ya awali ya jina la spishi. Kuandika *uzungwensis* ili lilingane na ramani ni kosa.

Tena *udzungwensis* haliwezi kusimama peke yake. Mwaka 2008 sengi mkubwa wa milima hiyo hiyo alipewa jina *Rhynchocyon udzungwensis*, na viumbe wengine wa huko nao wana majina ya asili hiyo. Kusema “tuliona *udzungwensis* wawili” kunaeleweka kambini, lakini katika maandishi jenasi itangulie, ama kwa ukamilifu, ama kwa herufi yake ya kwanza.

*Obscuratus* au *obscurata*

*Obscuratus* ni kivumishi cha Kilatini chenye maana ya aliyetiwa weusi au giza. Kwa kuwa ni kivumishi, mwisho wake unapaswa kupatana na jinsia ya jina la jenasi, na hapo anayejua Kilatini kidogo anaweza kusita. Jenasi *Perdix*, ya kwale wa Ulaya na Asia, huchukuliwa kuwa ya kike. Ndiyo maana tunaandika *Perdix dauurica* na si *dauuricus*. Je, *Xenoperdix*, inayoishia kwa neno lile lile, nayo haipaswi kufuatwa na *obscurata*?

Kanuni zinajibu. Neno *perdix* katika lugha za kale liliweza kuwa la kiume au la kike. Jina la jenasi linaloishia kwa neno la namna hiyo huhesabiwa kuwa la kiume, isipokuwa kama aliyelianzisha alitamka kwamba ni la kike au alilitumia hivyo kwa kuliunganisha na kivumishi cha kike. Spishi iliyotumiwa kuianzisha *Xenoperdix* ilikuwa *udzungwensis*, na mwisho *-ensis* ni mmoja kwa kiume na kike, hivyo hautoi ushahidi wowote wa upande wa kike. Kinachobaki ni kanuni ya jumla, nayo inatoa *obscuratus*. Hiyo ndiyo sura ya kuandika, iwe katika majina mawili au matatu. Atakayekutana na *obscurata* ajue ni ndege yule yule, na akinukuu maneno ya mwandishi kama yalivyo aiache kama ilivyo.

Jina la aliyemwelezea, mwaka, na mabano

Makala ya jarida la kawaida hayahitaji jina la mwandishi na mwaka baada ya jina la ndege. Orodha, vibandiko vya sampuli na tasnifu huvihitaji, na kwa ndege hawa wawili kuna makosa mawili yanayovutia.

La kwanza ni kuwapa Bowie na Fjeldså jina *obscuratus* kwa kuwa ndio waliosema ni spishi. Kanuni haziendi hivyo. Jina lililotolewa kwa nususpishi huhesabiwa kuwa limetolewa wakati huo huo kwa ngazi ya spishi pia, na mwandishi wake na mwaka wake haubadiliki linapopandishwa. Kwa hiyo tunaandika *Xenoperdix obscuratus* Fjeldså & Kiure, 2003. Kazi ya mwaka 2005 hutajwa pengine, pale unapoeleza kwa nini umewahesabu kuwa spishi.

La pili ni mabano. Wengi hudhani kwamba mabano huonyesha kuwa jina limebadilika kwa namna yoyote ile, hivyo huyaweka hapa kwa sababu nususpishi imekuwa spishi. Mabano yana kazi moja tu: huonyesha kwamba spishi imehamishwa kutoka jenasi ambamo ilielezewa mara ya kwanza. Mfano mzuri uko katika milima hiyo hiyo. Chozi mwenye mabawa ya rangi ya kutu alielezewa na Jensen mwaka 1983 kwa jina *Nectarinia rufipennis*. Leo yumo katika jenasi *Cinnyris*, na tunaandika *Cinnyris rufipennis* (Jensen, 1983). Kwale wetu wawili hawajatoka katika *Xenoperdix*, kwa hiyo hawana mabano: *Xenoperdix udzungwensis* Dinesen, Lehmberg, Svendsen, Hansen & Fjeldså, 1994. Majina matano ni mengi, na katika matini ya Kiswahili ni vizuri tu kuandika “Dinesen na wenzake, 1994”, mradi orodha kamili ya waandishi iwepo mahali fulani katika kazi hiyo hiyo.

Kibandiko kilichokamilika cha sampuli ya Rubeho kingesomeka hivi: *Xenoperdix obscuratus* Fjeldså & Kiure, 2003; msitu wa Mafwemiro, Milima ya Rubeho, Tanzania; kisha kimo kutoka usawa wa bahari, tarehe na jina la mkusanyaji. Hata likitokea mabadiliko ya majina mara kumi, kibandiko hicho kitaendelea kueleweka, kwa kuwa mahali hapabadiliki.

Jina la Kiswahili kando ya la kisayansi

“Kwale wa Udzungwa” na “kwale wa Rubeho” ni majina mazuri. Yanatamkika, yanataja mahali, na katika jambo lile lile linaloisumbua sura ya kisayansi, yaani kuchanganya milima miwili, yana uwazi kuliko *udzungwensis* peke yake. Upungufu wao uko kwenye neno la kwanza. Kwale kwa Kiswahili ni jina pana linalowakusanya ndege wengi wa Afrika wa vichakani na mbugani, na msikilizaji huwaweka hawa wa msituni katika kundi hilo bila kufikiri, wakati hoja nzima ya jina *Xenoperdix* ni kwamba hawamo. Namna moja ya kupunguza tatizo ni kusema “kwale-misitu wa Udzungwa”, jambo linalowatenga kidogo na wa mbugani, ingawa bado halisemi lolote kuhusu Asia.

Uchaguzi hapa unategemea msikilizaji. Anayezungumza na wanakijiji wanaopakana na msitu, na watoto wa shule au na wasikilizaji wa redio, atangulize jina la Kiswahili na aishie hapo, isipokuwa akiulizwa. Anayeandika makala ya jarida aanze na jina la Kiswahili, aweke la kisayansi mara moja tu, kisha aendelee na la Kiswahili hadi mwisho. Kurudia jina la Kilatini kila aya humchosha msomaji bila faida. Anayeandika orodha au tasnifu ageuze mpangilio, la kisayansi litangulie.

Upatanisho wa kisarufi nao unataka uamuzi, maana katika aya moja utaona “*Xenoperdix* inaishi” na “*Xenoperdix* anaishi”. Ninafuata kanuni rahisi. Ninapomtaja ndege mwenyewe, yeye ni kiumbe hai na ngeli yake inajulikana: *Xenoperdix udzungwensis* anakula mbegu na wadudu anaookota kwenye sakafu ya msitu. Ninapozungumzia kundi kama kundi, neno jenasi au spishi linashika usukani: jenasi *Xenoperdix* ina ndugu Asia, spishi hii iko hatarini. Na ninapozungumzia jina, ni jina: *obscuratus* linapatana na jenasi ya kiume. Namna hizi tatu zikishikwa vizuri, msomaji hujua kila mara kama anasoma habari za ndege, za kundi au za neno.

Jina lisiandikwe upya kwa tahajia ya Kiswahili. *Xenoperdix* hubaki na “x” zake mbili ingawa alfabeti yetu haina herufi hiyo, kwa kuwa jina la kisayansi huandikwa namna moja katika lugha zote. Kwa kulitamka, “kse-no-per-diks” linakikaribia Kigiriki na halimshindi msemaji wa Kiswahili. Wanaolianza kwa sauti ya “z” wanafuata desturi ya Kiingereza, na wataeleweka pia.

Baada ya kutajwa kwa ukamilifu mara moja, jenasi hufupishwa kuwa *X.*, na hapo pana tahadhari moja kwa wanaoandika orodha ndefu za ndege wa Tanzania. Majina ya jenasi yanayoanza na X ni machache, lakini kuna mmoja anayefika pwani yetu kila mwaka kutoka kaskazini: *Xenus cinereus*, ndege wa matopeni mwenye mdomo uliopinda kuelekea juu, ambaye jina lake linatokana na neno lile lile *xenos*. Katika orodha yenye wote wawili, *X. cinereus* na *X. obscuratus* huonekana kama ndugu wa jenasi moja, ilhali mmoja ni mhamaji wa fukwe na mwingine hatoki katika msitu wake. Humo andika jenasi zote mbili kwa ukamilifu kila zinapotajwa.